Namna ya Kuzoeza Misuli ya Sakafu ya Nyonga kwa Mwanamke Anayetokwa na Mkojo

Mwanamke anayetokwa na mkojo kila akikohoa, akicheka au akiinua ndoo huambiwa mara nyingi kwamba ndivyo uzazi ulivyo, naye huvumilia miaka na miaka, akivaa pedi na kukwepa safari ndefu. Hana sababu ya kuvumilia. Mara nyingi chanzo ni kulegea kwa misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandaa kuanzia mfupa wa kinena hadi kwenye kifandugu (ncha ya chini ya uti wa mgongo), ambayo hubeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo; nayo, kama misuli mingine, hupata nguvu ikizoezwa. Arnold Kegel, daktari wa Marekani, aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948.

Kwanza itambue misuli yenyewe, kwani hapa ndipo wengi wanapokosea. Lala chali, kunja magoti, kisha kaza kana kwamba unazuia hewa isitoke nyuma na, papo hapo, mkojo usitoke mbele. Utahisi sehemu hiyo ikijifumba na kupanda kwa ndani, ilhali makalio na mapaja yametulia na pumzi inaendelea kama kawaida. Ukihisi unasukuma kuelekea chini, kama mtu anayejikamua chooni, acha, maana unaibebesha mzigo misuli ileile unayotaka kuiponya. Usifanye zoezi hili kwa kukatiza mkojo, kwa sababu mazoea hayo yanaweza kukifanya kibofu kisimalize mkojo wote.

Ukishaitambua, kaza huku ukihesabu hadi 3, kisha legeza kabisa kwa muda huohuo au zaidi. Rudia mara 8, ukifanya hivyo mara tatu kwa siku, na kadiri nguvu inavyoongezeka fikia hesabu ya 10. Usiipuuze hatua ya kulegeza, kwa maana msuli usiolegea huchoka na kuuma. Baadaye fanya zoezi umekaa, kisha umesimama, na ujizoeze kukaza kabla tu ya kukohoa au kuinua kitu. Jipe angalau miezi 3 kabla ya kuamua kwamba halikusaidii.

Mazoezi haya hayamfai kila mtu. Kwa mwanamke anayeumia nyonga au wakati wa tendo la ndoa, huenda misuli imekaza kupita kiasi, na kuikaza zaidi kutamzidishia maumivu. Huyo anahitaji kufundishwa kupumua kwa kina na kuilegeza. Damu kwenye mkojo, au mkojo kuziba ghafla pamoja na ganzi katikati ya mapaja, ni mambo ya kumwona daktari bila kuchelewa.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, anaweza kuomba kuipima misuli kwa kidole ukeni, baada ya kukueleza sababu. Una haki ya kukataa, ya kuwa na mtu unayemwamini chumbani, na ya kumsimamisha wakati wowote, nawe utaendelea kutibiwa.