Siasa zikiingia kwenye Sikukuu: mwongozo kwa mwenyekiti wa mashauriano

Mwaka wa uchaguzi, mtu huanza na bei ya unga, mara amefika kwenye chama. Kazi ya mwenyekiti wa Sikukuu ya Siku Kumi na Tisa, mkutano wa sala na mashauriano ambao jumuiya ya Kibahai hufanya kila siku kumi na tisa, ni kuirudisha hoja kwenye unga bila kumvunjia heshima msemaji.

Jua kwanza mpaka ulipo. Mbahai, yaani mfuasi wa Baha'u'llah, mwanzilishi wa dini ya Kibahai, anaweza kupiga kura ya serikali kwa dhamiri yake. Hachukui kadi ya chama, hampigii mtu kampeni, wala hashiki wadhifa wa kichama. Umaskini, ukabila, maji na elimu ya wasichana ni mambo ya kujadiliwa, na jumuiya inayoyakwepa kwa kuogopa siasa inakosea vilevile. Barua ya Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, baraza kuu la Wabahai duniani, ya 2 Machi 2013, iliyoandikiwa Wabahai wa Iran, inalieleza hili kwa kirefu. Isomeni kabla kampeni hazijaanza. Baada ya ugomvi kila mtu ataisoma akitafuta la kumpiga nalo mwenzake.

Hoja ikiteleza kwenye siasa za chama, uliza kwa mfuatano huu: hapa kwetu kumetokea nini? Kanuni gani ya imani inahusika? Sisi tufanye nini? Jina la itikadi halihitajiki popote hapo.

Chukua mfano wa Tanzania. Mzee aliyekua na Azimio la Arusha la 1967 anasema mafundisho ya Baha'u'llah ndiyo ujamaa wenyewe. Kijana mfanyabiashara anajibu kwamba Maandiko yanasifu kazi na biashara. Wote wawili wameshika kipande. Mafundisho yanataka kuondolewa kwa utajiri na umaskini uliokithiri, kwa sheria za haki na kwa kutoa kwa hiari. Hayataki wote walingane mali, wala hayakatazi mali binafsi. Sema hivyo kwa ufupi, usitoe mshindi, kisha uliza: mtaani kwetu nani anashindwa kulipia mtoto sare na madaftari? Hapo pendekezo la kweli laweza kupatikana.

Mara nyingi mambo huharibikia kwenye mafumbo. “Wale wa rangi ile,” utani wa kaulimbiu, alama ya vidole: hakuna chama kilichotajwa, na hakuna asiyeelewa. Lichukulie fumbo kama jina lililotamkwa. Ingilia mapema, kabla wengine hawajajibu: “Ahsante ndugu, la bei tumelipokea, la chama tuliache. Unapendekeza nini?” Na jikague mwenyewe, mwenyekiti anayewakatiza wa upande mmoja tu hugundulika haraka sana.

Mwenye kadi ya chama asisemwe hadharani. Hilo ni la Baraza la Kiroho la Mahali, chombo kinachochaguliwa kuongoza Wabahai wa eneo, faraghani na kwa upole.

Katibu huandika mapendekezo bila chama wala kiongozi ndani yake, kisha huyapeleka kwa Baraza, ambalo wajumbe wake 9 ndio huamua. Kwenye kundi la WhatsApp, video ya kampeni ifutwe na msimamizi, naye aliyeituma aandikiwe pembeni, si mbele ya wote.

Makundi ya itikadi yakiachwa, huibuka tena kwenye uchaguzi wa Baraza wakati wa Ridhwan, sikukuu ya Kibahai inayoanza mwezi Aprili, uchaguzi ambao hauna wagombea wala kampeni. Mkisikia watu wanapangiana majina, kazi ilipaswa kuanza miezi mingi nyuma.