Kutembea na boti Ziwa Nyasa kipindi cha baridi, ukianzia Matema

Wengi wanadhani Juni mpaka Agosti ziwa linatulia kwa sababu mvua zimeisha, sio kweli jamani. Huo ndo msimu wa upepo wa kusini, na ziwa lina urefu wa kama kilomita 580, kwahiyo wimbi likianzia huko chini linakuja likikua tu mpaka linafika Matema huku kaskazini limeshakuwa kubwa.

Toka alfajiri, saa kumi na mbili uwe umeshasukuma boti. Maji yanakuwa yamelala kama mafuta, unapita chini ya milima ya Livingstone kuelekea Ikombe kwa Wakisi, wale wafinyanzi wa vyungu. Angalia kusini kila mara. Ukiona mstari mweupe wa povu kule mbali usibishane nao, rudi au ingia ufukwe ulio karibu, maana upande huo milima inashuka moja kwa moja majini na sehemu za kutua ni chache mno. Muulize mvuvi wa hapo kabla hujatoka, yeye anazijua zote.

Petroli gawa mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu usiliguse. Beba plagi ya akiba umeifunga kwenye nailoni, makafi mawili, kopo la kukumbia maji, na sweta. Laifjaketi ivaliwe, isikaliwe. Nakusihi hata mtoto anayejua kuogelea avae.

Wimbi likikukuta, punguza mwendo, lipokee kwa mbele kimshazari kidogo, kamwe usilipe ubavu.