Kabla hujasema "sisi ni wengi" kwenye kikao cha bajeti

Mtu akisimama kwenye kikao cha bajeti ya kaunti yetu ya Mombasa akasema "sisi Likoni ni wengi, tunaumia", karani hana la kuandika. Akitaja kata ndogo yake ina watu wangapi, kwenye eneo la ukubwa gani, na wote wanategemea zahanati ngapi, kalamu inaanza kutembea. Kwenye kikundi chetu cha wakazi kazi ya kutafuta tarakimu imeniangukia mimi. Kwa nyinyi mnaoniuliza huwa ninazitoa wapi, haya, ni hivi.

Anza na ripoti za sensa ya 2019 kwenye tovuti ya KNBS, shirika la taifa la takwimu la Kenya. Ni bure. Usimalize bando kwa juzuu ya kwanza; hiyo inaishia kwenye kaunti ndogo, nayo itakwambia tu kwamba Likoni ina watu 250,358 na Kisauni 291,930. Unayoitaka ni juzuu ya pili, maana hiyo inashuka hadi kata ndogo, yaani eneo la naibu wa chifu. Faili lenyewe ni refu, basi usianze kupekua ukurasa kwa ukurasa. Tafuta kwa jina, na jina lisipopatikana, liandike kwa maneno mawili badala ya moja, au kinyume chake. Ukiupata mstari wako, utaona wanaume, wanawake, jumla, idadi ya kaya, ukubwa wa eneo kwa kilomita za mraba, na mwisho msongamano, umeshapigiwa hesabu.

Hapo ndipo wengi wanaponakili safu ya mwisho na kufunga kompyuta. Ngoja kwanza.

Msongamano ni jumla ya watu ukigawanya kwa eneo, na eneo halichagui. Linahesabu msitu, bwawa, uwanja wa ndege na kambi ya jeshi sawasawa na vyumba vya kupanga. Tazama Nairobi. Kaunti ndogo ya Mathare ina watu 206,564 kwenye kilomita za mraba kama 3, karibu watu 69,000 kwa kila moja. Lang'ata ina watu 197,489, tofauti ndogo tu, lakini msongamano wake ni 911. Je, watu wa Lang'ata wote wanaishi kwenye mashamba? Hata kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 216.8 kwa sababu Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba kama 117, imo humo. Itoe mbuga, ugawanye upya, utapata karibu 1,980. Simba hawaombi zahanati.

Sisi wa Mombasa tusicheke. Changamwe ina uwanja wa ndege, Mtongwe ina kambi ya jeshi la majini. Kaunti nzima inaandikwa watu 5,495 kwa kilomita ya mraba, na ndani ya wastani huo kuna mitaa ambayo jirani akikohoa wewe unapaliwa. Kwa hiyo fungua ramani ya setilaiti, tumia kifaa cha kupimia eneo, zungushia mahali ambapo hapajengwi nyumba, ulitoe kwenye hesabu. Kisha, na hili msilipuuze, andikeni tarakimu zote mbili: ile ya KNBS na yenu, na mstari mmoja wa kueleza mmetoa nini. Afisa wa mipango akigundua mwenyewe kwamba mmepunguza eneo kimyakimya, hatasoma ukurasa wa pili.

Kuna na hili la usiku. Sensa ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Soko la Kongowea saa nne asubuhi halimo, wala foleni ya feri. Kama mnaomba vyoo vya sokoni au taa za stendi, tarakimu ya sensa itawapunja. Simameni pale mhesabu wapitao, saa ya asubuhi na ya jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko.

Linalosumbua zaidi ni mipaka. Mwakilishi wadi anataka tarakimu za wadi, na juzuu ya pili imepangwa kwa kata na kata ndogo. Wadi ni mipaka ya uchaguzi, kata ndogo ni mipaka ya utawala, na hazilali kitanda kimoja. Majina yakifanana ndiyo hatari yenyewe. Nenda kwa naibu wa chifu na ramani iliyochapishwa, mwambie, "Mzee, hebu nionyeshe kwako kunaishia wapi." Wengi wanafurahi kuulizwa. Kata ndogo ikikatwa na mpaka wa wadi, sema imekatwa, wala usigawe watu nusu kwa nusu kwa kukisia.

Idadi ya kaya isipite bila kutazamwa. Nairobi kaya ina wastani wa watu 2.9, Kwale 5.0. Kwa mifereji ya maji hesabu kaya. Kwa chanjo hesabu watoto, ambao umri wao uko juzuu ya tatu. Vyoo na vyanzo vya maji viko juzuu ya nne.

Watakwambia sensa ni ya zamani. Ni kweli. Mombasa ilitoka watu 939,370 mwaka 2009 hadi 1,208,333 mwaka 2019, ongezeko la kama asilimia 2.5 kwa mwaka. Unaweza kulitumia kukadiria kaunti nzima ya leo. Kulishusha hadi mtaa mmoja mimi sikubali: mtaa unaojengwa ghorofa na mtaa uliojaa tangu enzi za babu haukui sawa. Kama ni lazima, andika neno "makadirio" palepale pembeni ya tarakimu, si chini ya ukurasa.

Mkikosa kitu, kwa mfano ramani ya mipaka ya kata ndogo, andikeni barua kwa ofisi husika mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa tarehe mbele ya macho yenu, mrudi nayo.