Azalea ya asili usiizamishe
Kwa mlioko Marekani ile ya mashariki mnaotaka kupanda azalea (vichaka vya maua) za asili zinazonukia, mfano aina ya arborescens yenye maua meupe: shimo liwe na kina kidogo kuliko bonge la udongo lililotoka kwenye kopo, yaani juu yake ibaki sm 3 hadi 5 juu ya ardhi, chambua mizizi iliyojizungusha halafu funika pembeni na majani makavu ya misonobari ila shina liache wazi. Mizizi yake ni myembamba, inakaa juujuu, maji yakituama inaoza chap. Kuipanda jirani na ukuta wa saruji haisaidii kitu, chokaa ya saruji inapunguza tindikali ya udongo, majani yanageuka njano mishipa tu ndo inabaki kijani. Na kiangazi cha kwanza mwagilia, inakauka haraka kweli hiyo.