Somo: Kosa 1213 kwenye MySQL, miamala inapokabana

Wakuu, picha yenyewe ni hii. Muamala ni kundi la amri za hifadhidata zinazofanikiwa zote au kufutwa zote, na kosa 1213 (deadlock) hutokea miamala miwili inaposubiriana. Muamala wa kwanza umeweka kufuli kwenye akaunti namba 7 na unaitaka namba 12; wa pili umeweka kufuli kwenye namba 12 na unaitaka namba 7. Kila mmoja unasubiri kupishwa. InnoDB, injini ya MySQL inayotunza data, ikigundua, inautoa mmoja kafara, kwa kawaida ule uliobadili mistari michache ya jedwali, na kazi yake yote inafutwa.

Hatua ya 1: usikisie. Endesha `SHOW ENGINE INNODB STATUS\G`, shuka hadi LATEST DETECTED DEADLOCK. Utaona miamala yote miwili na kufuli ambalo kila mmoja ulikuwa ukilisubiri. Wengi hupotea hapa: amri inayoonekana ni ile iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo tu. Kufuli lililoleta balaa huenda lilishikwa na amri iliyotangulia, kwa hiyo soma kodi ya programu yako tangu `START TRANSACTION`, pale muamala unapoanza. Tena ripoti hiyo hubeba tukio la mwisho peke yake. Ukitaka matukio yote yaingie kwenye logi (faili la kumbukumbu za mfumo), washa `innodb_print_all_deadlocks`.

Hatua ya 2: funga kwa mpangilio mmoja. Kabla ya kuhamisha pesa:

`SELECT id, salio FROM akaunti WHERE id IN (7,12) ORDER BY id FOR UPDATE;`

`FOR UPDATE` ndiyo inayoweka kufuli. Nani anamtumia nani si hoja, namba ndogo itangulie.

Hatua ya 3: weka indeksi, yaani orodha inayoisaidia hifadhidata kufika moja kwa moja kwenye mstari inaoutafuta. `UPDATE` yenye `WHERE` isiyo na indeksi hupitia jedwali zima, na usipobadili mipangilio ya MySQL, huweka kufuli kwenye kila mstari inaoupitia.

Hatua ya 4: muamala uwe mfupi. Kusubiri jibu la mtandao wa simu huku umeshika kufuli ni kujitafutia balaa.

Maswali

*Mkuu, nimeongeza `innodb_lock_wait_timeout`, 1213 bado ipo.*
Hiyo inahusu kosa 1205, kusubiri kupita muda (sekunde 50 usipobadili). 1213 hugunduliwa papo hapo.

*Sisi tunaotumia hifadhidata ya PostgreSQL je?*
Kwenu kosa hili ni 40P01. Ukaguzi huanza baada ya `deadlock_timeout`, kwa kawaida sekunde 1, na maelezo yako kwenye logi. Hatua ya 2 inawahusu vilevile.

*Kurudia muamala uliogoma kwa 1213 si kuficha ugonjwa?*
Ni kuficha kama huandiki popote kwamba umerudia. Kwenye mfumo wenye watu wengi 1213 haitaisha kabisa, kwa hiyo rudia, tuseme mara tatu. Ila anza na amri ya kwanza. Ukirudia ile iliyogoma peke yake, utaongeza salio la mpokeaji bila kumkata mtumaji.