Kutengeneza umbo la tanki katika draw.io

Nachora mifumo ya maji ya vijiji katika draw.io, programu ya kuchora michoro, na kwa muda mrefu tanki langu lilikuwa mstatili tu wenye maandishi. Siku moja nilinakili tanki, nikabadili jina, nikasahau lita. Fundi akajenga jukwaa la tanki la lita 5,000 mahali palipotakiwa la 10,000, na likabidi livunjwe. Tangu siku hiyo kila tanki ninalochora hubeba takwimu zake lenyewe.

Nenda Arrange, Insert, halafu Shape. Litafunguka dirisha lenye XML, yaani maandishi ya alama yanayoeleza umbo. Futa iliyomo, andika hii:

<shape name="tanki" w="100" h="120" aspect="variable" strokewidth="inherit">
<connections>
<constraint x="0" y="0.2" perimeter="0"/>
<constraint x="1" y="0.9" perimeter="0"/>
</connections>
<background><path>
<move x="0" y="20"/>
<quad x1="50" y1="-20" x2="100" y2="20"/>
<line x="100" y="120"/>
<line x="0" y="120"/>
<close/>
</path></background>
<foreground><fillstroke/></foreground>
</shape>

Vipimo huanzia kona ya juu kushoto, na y huongezeka ukishuka. Ile -20 isikutishe: mkunjo huvutwa kuielekea tu, kilele chake huishia 0.

Sehemu ninayoijali zaidi ni constraint, yaani mahali mistari ya mabomba inaponasa. Hapa huhesabu kwa 0 hadi 1, si kwa vipimo vya umbo. Maji yanaingia kushoto, chini kidogo ya bega. Yanatoka kulia kwenye 0.9, si 1, kwa sababu bomba la kutolea hukaa juu ya sakafu ili tope lituame chini yake. Mchoro uoneshe hivyo hivyo.

Sasa bonyeza Ctrl+M kufungua dirisha la data za umbo, ongeza sifa mbili, jina na ujazo, weka tiki kwenye Placeholders. Kwenye lebo andika: %jina%, lita %ujazo%. Usipoweka tiki, alama hizo zitabaki kama zilivyo badala ya kuonesha jina na ujazo wenyewe. Ukitaka tanki jipya, nakili, Ctrl+M, jaza.

Mwisho liburute hadi Scratchpad, sehemu ya kuhifadhi maumbo ya kutumia tena. Lakini likague kwanza, maana nakala ulizokwisha kuziweka kwenye michoro hazifuati marekebisho ya baadaye. Mimi nilisahau tundu la maji ya ziada, nikalazimika kupitia michoro 11, tanki moja moja.