Ukienda kutazama vimondo ufukweni, angalia na maji

Vimondo vya Desemba, vile vinavyoonekana kutoka upande wa nyota za Mapacha, hufikia kilele usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Kwa walio Unguja, Pemba au Mafia, hivi ndivyo vya kukosea usingizi. Vile vya Agosti vinavyosifiwa sana Ulaya, kwetu chanzo chake hakipandi juu, hukaa chini kaskazini, kwa hiyo tunaona vichache.

Anza kama saa nne usiku, ila vingi huja kuanzia saa saba hadi saa tisa, Mapacha wakiwa juu upande wa kaskazini. Darubini haina kazi hapa, maana vimondo hupita popote. Lala chali juu ya mkeka, zima simu, uyape macho nusu saa yazoee giza. Mwanga mmoja tu wa skrini na unaanza upya! Tochi ifunge kitambaa chekundu.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: usiku mzuri kuliko wote ni wa mwezi mwandamo, anga likiwa giza, na hizo ndizo siku za bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Kwenye fukwe za Unguja maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupanda mbali. Tandika juu ya ule mstari wa mwani mkavu, hasa mkiwa na watoto.

Mawingu ya vuli yakifunga, msirudi nyumbani haraka. Huenda yakapasuka baada ya usiku wa manane.